Kasha dogo la sabufa kwa gari lako: kuanzia namba za spika hadi skrubu ya mwisho

Kasha la kwanza nililoagiza lilitengenezwa na fundi mzuri wa makabati, mtu wa kona zilizonyooka na gundi safi. Aliitazama spika yangu ya inchi 10, akapima kwa shubiri, akaniambia nirudi kesho yake. Kasha lilipendeza kweli. Tulipolipiga, kila wimbo ulitoka na noti moja ya besi, ile ile, ikivuma kama pipa tupu, iwe rumba ya Kongo au kwaya ya Jumapili. Mbao hazikuwa na kosa, spika haikuwa na kosa. Hakuna kati yetu aliyeuliza spika ile inataka hewa kiasi gani nyuma yake.

Hapa tutatengeneza kasha lililofungwa, lisilo na bomba la kupitisha hewa, kwa sabufa (spika ya besi) moja ya inchi 10, ndani ya gari dogo kama haya ya Toyota yaliyojaa Kampala. Ukiwa na msumeno wa umeme na mwenzio wa kukushikia mbao, ni kazi ya siku mbili. Muda mwingi utaupoteza ukisubiri gundi ikauke.

Gari lenyewe ni nusu ya kasha

Watu hudhani besi ya kwenda chini inadai kasha kubwa. Nyumbani ni kweli. Spika iliyo katika kasha lililofungwa huanza kupoteza nguvu chini ya masafa fulani (mitikisiko kwa sekunde, inayoandikwa Hz), na kila ukishuka oktavu moja, yaani masafa yakipungua nusu, unapoteza desibeli 12. Lakini mawimbi ya besi ni marefu kuliko gari. Ukishuka vya kutosha, spika haitumi tena mawimbi, bali inasukuma na kuvuta hewa yote ya ndani kama pampu ya baiskeli, na kadiri unavyoshuka ndivyo sauti inavyopanda.

Kujua hali hiyo inaanzia wapi, chukua 343, mwendo wa sauti kwa mita kila sekunde, ugawe kwa urefu wa ndani ya gari uliozidishwa kwa mbili. Gari lenye mita 2.7 kutoka dashibodi hadi kioo cha nyuma linatoa karibu 63 Hz. Chini ya hapo, kinadharia, gari linaongeza desibeli 12 kwa oktavu, yaani kiasi kile kile ambacho kasha lililofungwa linapoteza. Magari halisi hayafiki huko, maana milango huvujisha na bati hupinda, lakini yanasaidia sana. Ndiyo maana kasha la lita 18 ndani ya Spacio linaweza kutoa besi ambayo sebuleni ungehitaji sanduku kubwa mara tatu. Uzi mnene wa gitaa la besi hupigwa kwenye 41 Hz, na huko gari tayari liko upande wako.

Kuna tahadhari moja. Gari lenye buti iliyotengwa, kama Premio, huzuia sehemu ya besi nyuma ya kiti. Kama kiti cha nyuma kina kile kitundu cha katikati chenye mkono wa kuegemea, kifungue kabla hujaanza kulaumu spika.

Namba tatu za kutafuta

Kila spika ina tabia tatu zinazoamua kasha. Fs ni masafa ambayo koni hupenda kutikisika yenyewe ikiachwa huru. Qts inaeleza inavyojizuia baada ya kutikiswa: namba ndogo ni breki kali, namba kubwa ni breki legevu. Vas ni ujazo wa hewa wenye ulaini sawa na ule wa mpira na kitambaa kinachoshikilia koni. Msingi wa hesabu hizi uliandikwa mwaka 1961 na Neville Thiele, mhandisi wa Australia, na Richard Small akauendeleza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hadi leo namba hizo huitwa kwa majina yao wawili.

Namba za wati zilizoandikwa kwa dhahabu kwenye boksi hazitusaidii hapa.

Tuseme karatasi ya spika yako inasema Fs 32 Hz, Qts 0.47, Qes (breki ya koili na sumaku peke yake) 0.51, Vas lita 39. Kwanza gawa Fs kwa Qes: unapata karibu 63. Spika iliyo chini ya 50 inataka kasha la kufungwa, iliyo karibu na 100 inataka lenye bomba, na hii yetu ya katikati inakubali yote mawili. Mimi nachagua la kufungwa bila kusita. Kasha la bomba hudai karibu ujazo mara mbili, huadhibu kila kosa la kipimo, na chini ya masafa ya bomba koni hubaki bila hewa ya kuishikilia, ikaruka hadi ikajiumiza.

Halafu kuna jambo ambalo mafundi wengi hapa hawalitaji. Vas inategemea kanieneo ya hewa, na viwanda huipimia karibu na usawa wa bahari. Kampala iko kwenye mita 1,200 hivi, ambako hewa ina takriban asilimia 87 ya kanieneo ya Mombasa. Kwa hiyo lita 39 za kwenye karatasi, hapa kwetu ni 39 mara 0.87, yaani 34. Aliye Kabale, juu zaidi, atapata pungufu ya hapo. Tofauti si ya kutisha, na inakwenda upande unaoupenda: kasha linapungua.

Spika isiyo na karatasi

Spika nyingi za mitumba, na nyingine mpya za madukani, huja bila namba yoyote. Jaribu kwanza kutafuta jina la modeli lililo nyuma ya sumaku. Likikosekana, pima mwenyewe. Unahitaji simu yenye programu ya kutoa mlio wa masafa unayochagua, amplifaya yoyote nzima, rezista ya omu 1,000, rezista ya omu 10, na multimita yenye kipimo cha milivolti za AC. Zile za bei ya chini kabisa huwa zinaanzia volti 200 za AC na hazifai hapa. Azima ya fundi wa redio.

Zima besi busti na vichujio vyote vya amplifaya. Unganisha rezista ya 1,000 mfululizo na ile ya 10, toa mlio wa 50 Hz, ongeza sauti hadi multimita isome milivolti 100 kwenye rezista ya 10. Usiguse tena kitufe cha sauti. Sasa ondoa ya 10, weka spika mahali pake, ikiwa imening'inia hewani au imesimamishwa mbali na ukuta. Kuanzia hapa kila milivolti 10 ni sawa na omu 1.

Panda polepole kutoka 15 Hz. Usomaji utapanda, utafika kilele, kisha utashuka. Kilele ndiyo Fs. Kwenye spika yangu kilele kilikuwa 32 Hz na milivolti 450, yaani omu 45. Pima pia koili kwa kipimo cha kawaida cha omu: ilikuwa 3.5. Gawa 45 kwa 3.5, unapata 12.86, kipeuo chake cha pili ni 3.59. Zidisha 3.59 kwa 3.5, ni omu 12.6, yaani milivolti 126. Tafuta masafa mawili, moja chini ya kilele na jingine juu yake, ambako multimita inasoma 126. Nilipata 24 na 43. Zidisha 24 kwa 43 na utafute kipeuo cha pili: lazima kirudi karibu na Fs, na hapa ni 32.1. Kisiporudi, umekosea usomaji.

Sasa chukua Fs, zidisha kwa 3.59, gawa kwa tofauti ya 43 na 24, ambayo ni 19. Inatoka karibu 6.04. Igawe kwa 12.86, unapata Qts ya 0.47.

Vas hutafutwa kwa kasha lolote lisilovuja ambalo unajua ujazo wake, hata la mbao mbovu. Bana spika kwenye tundu la kasha la lita 20, tafuta kilele upya. Kwangu kilihamia 52.6 Hz. Gawa kwa 32, zidisha jibu kwa lenyewe, toa 1, zidisha kwa 20: lita 34. Kwa kuwa umeipimia hapa hapa, usiipunguze tena kwa ajili ya mwinuko.

Ujazo

Spika ikiingia ndani ya kasha, Qts yake hupanda na kuitwa Qtc. Ikiwa 0.7 sauti ni tulivu na iliyonyooka. Ikiwa 1 au zaidi, besi huvimba mahali pamoja, na ndiyo iliyokuwa ikivuma kwenye kasha langu la shubiri. Kwa gari dogo napenda 0.8: kasha linabaki dogo na bado ngoma hujibu haraka.

Hesabu ni fupi. Gawa Qtc unayoitaka kwa Qts, zidisha jibu kwa lenyewe, toa 1, kisha gawa Vas kwa kilichobaki.

Kwa 0.8: gawa kwa 0.47 ni 1.70, mara yenyewe ni 2.90, toa 1 ni 1.90, lita 34 gawa kwa 1.90 ni lita 18 kasoro kidogo. Masafa ya kasha ni Fs mara 1.70, karibu 54 Hz.

Linganisha. Ukitaka 0.7 kasha linakuwa lita 28 na masafa yanashuka hadi 48 Hz. Ukikubali 1, linakuwa chini ya lita 10 na masafa yanapanda hadi 68 Hz. Kwa lita 10 za ziada unashuka 6 Hz tu, ambazo gari lingekupa bure. Kwangu hiyo haina faida. Nafasi ya buti inatakiwa kubeba matoke.

Lita 18 ni hewa tupu. Ongeza mwili wa spika, kama lita 1.2 kwa inchi 10 ya kawaida. Vibanzi vya kona vya sentimita 2 kwa 2, vinne vya urefu wa 46, ni lita 0.7. Nguzo ndogo ya ndani ni lita 0.1. Jumla ya ndani kabla ya kuweka chochote: lita 20.

Umbo

Usianze na mbao, anza na katoni. Kata upande wa kasha kwa katoni, uuegemeze kwenye mgongo wa kiti cha nyuma, funga mlango wa buti, hakikisha tairi la akiba bado linatoka. Pancha ya usiku njiani Masaka si wakati wa kufungua skrubu nane.

Kwa kuwa kiti kimelala, kasha linalofaa ni lenye mgongo wa mteremko: jembamba juu, nene chini. Ujazo wake ni wastani wa kina cha juu na cha chini, mara upana, mara kimo. Kwa upana wa ndani 46, kimo 29, kina cha juu 11 na cha chini 19, wastani ni 15, na jibu ni sentimita za ujazo 20,010. Ndizo lita 20 zetu. Mteremko huo ni nyuzi 15 hivi. Kiti chako kikiwa tofauti, badilisha vina viwili ukilinda wastani wa 15.

Spika inakaa kwenye ubao ulionyooka unaotazama nyuma ya gari. Hapa wengi hupima kina katikati ya tundu na kufurahi, kisha sumaku inagota. Mteremko unapungua kuelekea juu, kwa hiyo pima kwenye ukingo wa juu wa sumaku. Sumaku yenye kipenyo cha 14 ina ukingo sentimita 7 juu ya katikati. Hapo kina cha ndani si 15 tena, ni 13.1. Ongeza unene wa ubao, 1.8, unapata 14.9. Spika inayohitaji 12.5 inabakiwa na 2.4, inatosha. Kama sumaku ina tundu la kupumulia katikati, liachie angalau sentimita 2.5, hapa lina zaidi ya 4.

Orodha ya kukata

Tumia MDF, ule ubao wa nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi, ya milimita 18. Mpelekee fundi vipimo kwa milimita, vimeandikwa, usimsimulie:

- Ubao wa mbele: 496 kwa 326
- Ubao wa mgongo: 496 kwa 338
- Mbavu mbili: kimo 326, juu 105, chini 195, upande mmoja umenyooka
- Juu: 460 kwa 110
- Chini: 460 kwa 195

Ukingo wa nyuma wa mbao za juu na chini ukatwe kwa nyuzi zile 15 ili mgongo ulale vizuri. Yote haya ni kama moja ya tano ya shiti ya futi 8 kwa 4, kwa hiyo karakana za Ndeeba uliza vipande vilivyobaki kabla ya kununua shiti nzima. Vaa barakoa wakati wa kukata. Vumbi la MDF ni jembamba kuliko la mbao na lina gundi ndani yake.

Tundu la spika pima kwa spika yenyewe, usiamini inchi 10 ya kwenye boksi. Mara nyingi ni karibu sentimita 23.

Kuunganisha

Gundi nyeupe ya mbao ndiyo inayoshika. Skrubu ni mikono ya kushikilia tu hadi ikauke. Toboa kila tundu la skrubu kwanza kwa keekee ya milimita 3, na usikaribie kona kuliko milimita 50, la sivyo MDF inapasuka kama biskuti. Anza na juu, chini na mbavu mbili kuwa fremu, kisha mgongo, kisha vibanzi vya kona. Nguzo iende kutoka mbele hadi mgongo, kando ya spika. Ubao wa mbele uwe wa mwisho.

Pitisha kidole chenye gundi kwenye kila kiungo kwa ndani. Ukitumia silikoni ile inayonuka siki, iache siku nzima kabla ya kuweka spika, maana mvuke wake unaweza kudhuru gundi ya mpira wa koni. Nje, paka vanishi au gundi iliyochanganywa na maji kwenye kingo zote zilizokatwa, kisha zulia. MDF isiyopakwa hunywa unyevu, na buti ya gari la kwetu msimu wa mvua haikauki.

Weka pamba ya polista, ile ya kujazia mito, nusu ya kasha ukiiacha legevu, mbali na tundu la sumaku. Huifanya hewa ionekane nyingi kidogo kwa spika. Usiitegemee kuokoa kasha lililokosewa.

Kukagua uvujaji: sukuma koni polepole kwa vidole vilivyotandazwa, uiachie. Ikirudi taratibu, sawa. Ikirudi mara moja kama hewani, kuna tundu. Piga mlio wa 35 Hz na pitisha moshi wa udi kwenye viungo, utaliona.

Kufunga garini

Kasha na spika ni vizito, na breki ya ghafla mbele ya boda itavituma mgongoni mwa abiria. Lifunge kwa vyuma vya pembe na bolti kwenye bodi. Kabla ya kutoboa, lala chini uangalie kilichopo upande wa pili: tangi, mabomba ya mafuta, ya breki.

Kwa amplifaya ya wati 300 halisi ya aina ya D, tarajia ampea 27 hivi ikipigwa hadi mwisho. Waya wa shaba wa milimita za mraba 10 unatosha, na fyuzi ya ampea 30 iwe ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri, siyo karibu na amplifaya. Fyuzi inalinda waya; waya usio na fyuzi ukichubuka kwenye bati ni moto. Kwaruza waya kwa wembe kabla ya kulipa: ukionyesha weupe chini ya rangi ya shaba, ni alumini iliyopakwa, na utahitaji mnene zaidi.

Kabla ya kuunganisha, gusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwenye spika. Koni ikitoka nje, upande wenye chanya ya betri ndiyo chanya ya spika. Sabufa yenye koili mbili za omu 4 ikiunganishwa sambamba inakuwa omu 2. Hakikisha amplifaya inakubali.

Kiwango cha amplifaya usikipange kwa masikio. Zidisha wati za spika kwa omu zake, tafuta kipeuo cha pili: wati 200 kwa omu 4 ni volti 28.3. Spika ikiwa imetolewa, redio ikiwa robo tatu ya sauti, mlio wa 50 Hz, panda hadi multimita isome hapo, basi. Kichujio cha kukata masafa ya juu (LPF) weka 80 Hz.

Halafu kaa kwenye kiti cha dereva, piga wimbo unaoujua vizuri, na mwambie mtu ageuze nyaya mbili za sabufa. Upande mmoja besi itasikika imejaa mbele yako, upande mwingine itakonda kuzunguka 80 Hz. Acha ile iliyojaa, hata kama chanya na hasi zimepishana na kitabu.

Kitakachobaki ni makelele ya gari lenyewe. Piga mlio unaopanda polepole kutoka 30 hadi 80 Hz huku umesimama nyuma ya gari na mkono juu ya bati. Kwenye langu kilikuwa kibao cha namba: vipande viwili vya mpira wa ndala nyuma yake, na kikanyamaza.